Maji ya Uani

Kilichomvutia Salvina katika nyumba ya Nassibu kilikuwa kisima. Kwao Ushirombo alikuwa amekua akibeba maji kutoka bondeni, na chumba cha kwanza walichopanga Geita, yeye na mumewe Clemens, kilikuwa mbali na maji kuliko hata kijijini. Hapa mtaani Kalangalala kisima kilikuwa uani, mbele ya mlango wake, na mwenye nyumba hakumwekea mpangaji masharti ya kuteka. Walihamia mwanzoni mwa mwaka 1983, binti yao Epifania akiwa ndiyo kwanza anajifunza kusema sentensi nzima. Siku ile ile Salvina alifua kila nguo waliyokuwa nayo. Sabuni ilikuwa imeadimika madukani, akafulia majani ya mpapai, lakini maji aliyatumia bila huruma, akijiona tajiri.

Nassibu alikuwa mchuuzi wa mbuzi. Ukoo wake ulitokea Tabora na kabla ya hapo Pwani, ila yeye alizaliwa Geita na Kisukuma alikisema kama mwenyeji. Alinunua mbuzi vijijini, akawauza mnadani na kwa wenye mabucha. Wezi walipovunja zizi lake kwa mara ya pili, aliwahamishia mbuzi ndani ya nyumba, katika chumba cha nyuma kilichokuwa stoo. Chumba hicho kilipakana na kisima. Mtu akivuta kamba ya ndoo aliwasikia mbuzi wakicheua ng'ambo ya ukuta. Choo nacho kilikuwa pembeni, upande wa juu wa ua, shimo la miaka mingi lililokaribia kujaa. Nassibu alikuwa akisema kwamba kiangazi kikifika atatafuta watu wa kuchimba jingine, maana ardhi ile ina mwamba na si kazi ya mtu mmoja.

Mkewe aliitwa Zuleha. Alikuwa amekaa miaka mingi bila mtoto, na watu walikuwa wameshaanza kumshauri Nassibu aoe mke wa pili, ndipo akapata mimba na kumzaa Sabiti. Salvina alipohamia, Sabiti alikuwa anakaa mwenyewe kwenye mkeka na kutambaa kidogo. Zuleha alimpenda Salvina haraka. Walipika pamoja barazani, wakaachiana watoto mmoja alipokwenda sokoni, wakaitana Mama Sabiti na Mama Epifania kama watu waliojuana siku nyingi.

Mtu mmoja tu ndiye aliyejitenga na wenzake katika nyumba ile, naye ni Mwahija, dada mkubwa wa Nassibu. Alikuwa mjane asiye na mtoto, mrefu, mkavu wa mwili, mwenye chumba chake karibu na lango. Wote walimwita shangazi. Aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akafagia chumba cha mbuzi na ua mzima, akabeba samadi kwa karai kuitupa nje, akafunika kisima kwa bati kuukuu. Kisha alichukua dumu lake akaenda kuteka maji msikitini. Maji ya kisima cha nyumbani hakuyagusa. Salvina aliliona hilo tangu wiki ya kwanza na likamkaa moyoni. Alimuuliza Zuleha, Zuleha akajibu kwamba wifi yake ana mambo yake, mtu akae naye kwa salamu tu.

Masika yalikuwa makubwa mwaka ule. Maji ya kisima yalipanda mpaka mtu aliweza kuyafikia kwa mkono. Shimo la choo lilijaa likawa linafurika, na Nassibu, badala ya kungoja kiangazi, alitoboa ukingo wake akachimba mfereji mdogo ili uchafu ukimbilie nje ya ua. Mfereji ule ulipita nyuma ya chumba cha mbuzi. Mvua ikinyesha usiku, asubuhi ua mzima ulinuka, na inzi walijaa hadi kwenye vyombo vilivyooshwa. Watu walilalamika kidogo, wakazoea.

Kwanza aliumwa tumbo mpangaji wa chumba cha kati, kijana fundi cherehani, akapona. Kisha Sabiti akaanza kuhara. Zuleha alimpa maji ya mchele, akampeleka zahanati, akapewa vidonge. Siku iliyofuata mtoto alikuwa na macho yaliyozama na midomo mikavu, na hakulia tena machozi. Walikuwa wanatafuta gari la kumpeleka hospitali alipokata roho mapajani kwa mama yake, saa ya adhuhuri, jua likiwaka baada ya mvua.

Msiba ulipokwisha, watu walianza kutafuta aliyeuleta.

Clemens, mume wa Salvina, alikuwa mchimbaji. Mgodi mkubwa wa Geita ulikuwa umefungwa tangu miaka ya sitini, na wachimbaji wadogo walikuwa wakifukua kwa siri kwenye mashimo ya zamani na huko Rwamgasa. Clemens alikuwa akiondoka wiki nzima, akirudi na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Siku chache kabla ya Sabiti kuugua alikuwa amerudi na kitenge kipya cha mkewe na redio. Wanawake wa mtaani waliliunganisha hili na lile. Wakaanza kutaja ndagu, dawa ya utajiri ambayo inasemekana mchimbaji huipata kwa mganga, na ambayo malipo yake ni uhai wa mtoto. Kama mwenyewe hataki kumtoa wake, walisema, humtoa wa jirani.

Salvina hakuambiwa usoni. Aliyaona kwa namna mazungumzo yalivyokatika alipofika sokoni, na kwa namna Zuleha alivyoacha kuita jina lake. Asubuhi moja alimkuta Zuleha amekaa peke yake barazani, akamwamkia, akamletea uji. Zuleha aliutazama uji ule mpaka ukashika utando. Hakuunywa.

Lililomuumiza Salvina zaidi ni kwamba hata yeye hakuwa na uhakika. Clemens alikuwa na kifurushi alichokifunga juu ya kenchi ya paa la chumba, na alikuwa amemwambia asikiguse. Siku mume alipokuwa Rwamgasa, Salvina alifunga mlango mchana, akapanda juu ya sanduku, akakishusha. Ndani ya vitambaa vitatu alikuta kichupa kidogo, na ndani ya kichupa kimiminika cheupe kama fedha, kizito kuliko kitu chochote cha ukubwa ule alichowahi kushika. Alipokitikisa, kilicheza kama kitu chenye uhai. Alikifunga tena katika vitambaa vyake, akakirudisha. Clemens aliporudi hakumuuliza kitu. Alilala akimpa mgongo, na Epifania akamlaza upande wa ukutani, mbali na baba yake.

Katika siku hizo ndipo alipomwona Mwahija kisimani. Kulikuwa kunapambazuka, na Salvina alikuwa amechungulia dirishani baada ya kusikia bati likivutwa. Mwahija alikuwa ameinama juu ya mdomo wa kisima. Mkono wake, ukiwa na kopo, uliingia ndani, ukazunguka juu ya maji, ukatoka. Alifanya hivyo mara kadhaa. Kisha alitazama huku na huku, akaficha kopo ndani ya khanga, akatoka nje ya lango kwa haraka.

Salvina alikaa kitandani akafikiri. Huyu mwanamke hayanywi maji haya. Haugui. Hana mtoto, na ameona wifi yake amepata mtoto uzeeni. Anaamka kabla ya watu. Kila jambo lilipata mahali pake, na alipokwisha kulipanga alihisi kifua chake kimekuwa chepesi, kwa sababu mtu aliyefaa kulaumiwa hakuwa tena mumewe.

Balozi wa nyumba kumi, mzee Bartholomeo, aliitisha kikao uani siku ya Jumapili alasiri. Alikuwa mtu wa kupenda amani, lakini zilikuwa zimeshafika habari kutoka upande wa Kahama za watu waliotajwa uchawi na kuhamishwa vijijini mwao, na hakutaka vijana wamtangulie kuchukua hatua. Alisema ameyasikia maneno mengi juu ya nyumba hii na juu ya mpangaji mmoja, naye anataka yasemwe mbele yake. Watu walimtazama Clemens. Clemens alisimama akasema yeye ni Mkristo, hajui ndagu, na anayemtuhumu alete ushahidi. Hakuna aliyemwamini, na Salvina aliiona ile hali ya kutoaminiwa ikitembea kutoka uso hadi uso.

Ndipo akasimama yeye.

"Mimi nimemwona shangazi," alisema. "Alfajiri, watu wamelala. Alikuwa na kopo, anamimina kitu kisimani."

Alijua tofauti ya kumimina na kuchota. Alikuwa ameuona mkono ukiingia na kutoka, na hakuwa ameona kitu kikimwagika. Lakini neno lilikuwa limeshatoka, na lilipokelewa kama maji na mchanga mkavu. Mwanamke mmoja alisema ndiyo maana hanywi maji ya nyumbani kwake. Mwingine akakumbusha kwamba hata msibani hakulia. Zuleha aliinua kichwa akamtazama wifi yake kwa muda mrefu.

Balozi alimuuliza Mwahija kama ni kweli alikuwa kisimani. Mwahija alikiri. Balozi akamuuliza alikuwa akifanya nini. Mwahija alimgeukia kaka yake Nassibu kana kwamba anamwachia yeye ajibu. Nassibu alikuwa ameinamisha uso, akichora ardhini kwa kijiti.

"Nilikuwa nasafisha," Mwahija alisema mwishowe.

Watu waliguna. Balozi akashauri kwa upole kwamba kwa usalama wake mwenyewe shangazi apumzike mahali pengine kwa muda. Nassibu hakupinga. Mwahija alifunga nguo zake katika shuka, akachukua dumu lake na msala wake, akaondoka kabla ya magharibi kwa lori la mkaa. Hakumuaga mtu yeyote isipokuwa Epifania, ambaye alikuwa akicheza karibu na lango na hakujua lolote. Salvina aliona mkono wa yule mama ukigusa kichwa cha mwanawe, akakimbia akamnyakua.

Kwa siku kadhaa nyumba ilitulia. Zuleha alirudi kumwita Salvina barazani. Waliketi tena pamoja, ingawa mazungumzo yao yalikuwa mafupi. Ua haukufagiwa na mtu maalumu. Nassibu alijaribu kuzoa samadi ya mbuzi wake asubuhi, akachoka, akaacha iwe inakusanywa mara moja kwa wiki. Bati la kisima liliegemezwa ukutani likabaki hapo. Mvua iliendelea.

Kisha Zuleha akaanguka. Alihara hadi akashindwa kusimama. Fundi cherehani naye akaugua tena. Na Epifania, ambaye Salvina alikuwa akimlinda asiguswe na mtu, aliamka asubuhi moja akiwa amechafua kitanda, na ndani ya uchafu ule mlikuwa na damu.

Salvina hakuweza tena kumtaja mchawi. Aliyekuwa mchawi amekwisha kufukuzwa. Kwa saa chache wasiwasi wake ulirudi kwa Clemens kwa nguvu kubwa kuliko mwanzo. Alimbeba mtoto mgongoni, akasimama mlangoni, akamwambia mumewe kile alichokuwa amekificha.

"Kile kichupa juu ya kenchi. Kama ni mtoto wangu uliyemtoa kuwa malipo, niambie sasa, kabla sijatoka."

Clemens alimtazama kama mtu aliyepigwa. Alikishusha kifurushi, akafungua kichupa, akamwonyesha. Ilikuwa zebaki, ya kukamatia chembe za dhahabu zilizosagika. Alisema aliificha kwa sababu mwaka huo polisi walikuwa wakipekua nyumba kutafuta walanguzi, na mtu akikutwa nayo hana la kujitetea. Redio na kitenge alivipata kwa dhahabu aliyoikuta yeye na wenzake, basi. Alipomaliza kueleza alimpokea mtoto, akamfunga kifuani kwa shuka, wakatoka pamoja kwenda hospitali. Alitangulia kwa hatua ndefu. Salvina alitembea nyuma yake, akiutazama mguu mdogo wa Epifania ukining'inia.

Mtoto alitundikiwa maji. Muuguzi aliwauliza wanaishi wapi na wanateka wapi, kisha akauliza kama hawana uhusiano na mama mwingine aliyelazwa kutoka Kalangalala. Alikuwa Zuleha. Alikuwa kitanda cha pili kutoka pale, amegeukia ukuta. Muuguzi aliandika jambo akamwita mtu wa afya, bwana mmoja kijana aitwaye Kamili, mwenye baiskeli na buti za mpira. Kamili hakuuliza habari za wachawi. Aliuliza choo kiko wapi, na mifugo inalala wapi.

Siku iliyofuata Salvina alirudi nyumbani kuchukua nguo, akamkuta Kamili uani pamoja na Nassibu, balozi na majirani waliosikia kwamba serikali imefika. Bwana afya aliingia chumba cha mbuzi akatoka amefunika pua. Sakafu ilikuwa ya udongo, imelowa hadi inabonyea, mkojo na kinyesi vimefanya tope zito. Akaufuata mfereji wa choo nyuma ya ukuta, akawaonyesha kwamba mbele ulikuwa umezibwa na takataka, kwa hiyo uchafu haukuwa ukienda nje. Ulikuwa ukituama chini ya msingi wa chumba kile kile.

Nassibu alijitetea kwamba maji ya kisima ni mengi na ni safi, yanatoka chini kwenye mwamba. Balozi naye alisema, kwa sauti ya chini, kwamba jambo la nyumba hii lina mizizi mingine ambayo bwana mdogo haifahamu. Wengine waliitikia. Kamili hakubishana nao. Aliomba ndoo mbili na watu wenye nguvu, wakateka kwa zamu mpaka maji yakashuka chini sana. Kisha aliomba kioo.

Salvina aliingia chumbani kwake akaleta kile cha kujitazamia. Kamili alisimama mahali penye jua, akakigeuza kioo mpaka mwanga ukaingia ndani ya kisima, ukashuka juu ya mawe kama tochi. Akawaambia waje mmoja mmoja kuchungulia. Upande wa lango mawe yalikuwa makavu. Upande wa chumba cha mbuzi, katikati ya jiwe na jiwe, kulikuwa na michirizi myeusi iliyometameta, inatiririka polepole, inadondoka majini. Harufu ilipanda ikawakuta hapo juu.

Balozi alichungulia, akampisha aliyefuata. Nassibu alichungulia, akarudi nyuma akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akajifunika uso kwa kofia yake.

"Dada aliniambia," alisema. "Aliniambia kinyesi cha mbuzi kinaingia. Nikamwambia asiseme kwa wapangaji, nitahamisha."

Watu walisikia. Salvina alikuwa bado ameshika ukingo wa kisima. Alielewa sasa kwamba mkono ule ulikuwa ukiengua uchafu juu ya maji kila alfajiri, na kwa nini Mwahija alimgeukia kaka yake kikaoni. Alielewa pia kwamba yeye mwenyewe alikuwa amekunywa, amepika na kumwogesha mwanawe kwa maji yale, na kwamba kwa neno lake moja alikuwa amemwondoa mtu pekee aliyekuwa akiyafunika.

Kisima kilifukiwa wiki ile. Mbuzi walihamishiwa zizi la kukodi nje ya mji, choo kikajazwa udongo, kipya kikachimbwa upande wa chini, vijana wakipasua mwamba kwa zamu. Maji yakawa ya kubeba kutoka bomba la sokoni, na Kamili alipita nyumba kwa nyumba akihimiza yachemshwe. Zuleha alirudi nyumbani akiwa amebaki mifupa. Epifania alipona taratibu, akajifunza upya kutembea akishika ukuta. Nassibu hakusema kama atamfuata dada yake. Ilionekana wazi kwamba aibu imemshika miguu.

Clemens ndiye aliyeleta habari kwamba amemwona Mwahija Rwamgasa, anapika katika kibanda cha chakula cha wachimbaji. Salvina aliomba aende naye. Zuleha aliposikia alimwita, akampa khanga mpya ya kumpelekea wifi yake, akasema amwambie arudi. Salvina alimuuliza kwa nini asiende mwenyewe. Zuleha alijibu kwamba hana uso.

Kibanda kilikuwa cha maturubai na miti, pembezoni mwa mashimo. Mwahija alikuwa akigeuza ugali, moshi umemzunguka. Salvina alipiga magoti akamwamkia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba." Aliendelea kugeuza ugali mpaka ukaiva, akaufunika, ndipo akamkaribisha kwenye benchi. Alimuuliza hali ya mtoto. Alisema habari za kisima zimemfikia, wachimbaji hutembea na kila habari.

Salvina alieleza yote, akatoa khanga, akatoa salamu. Mwahija alisikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, yule mama aliuliza jambo moja tu.

"Uliniona nikimimina?"

"Hapana, shangazi. Nilikuona unachota."

"Basi," Mwahija alisema.

Salvina alilia. Alipotulia, swali lililokuwa likimsumbua tangu siku ya kioo lilimtoka, na alipolitoa lilikuwa na ukali ambao hakuukusudia. Aliuliza kwa nini shangazi, aliyekuwa akijua, aliwaacha wengine wanywe huku yeye akienda kuteka msikitini.

 Wachimbaji wawili waliingia wakaomba chakula, akawapakulia, wakatoka kukaa nje. Aliporudi alikaa karibu zaidi.

"Nilijua hayafai kwa udhu," alisema. "Yameingiwa na najisi. Sikujua kwamba yanaua. Ningejua, nisingemsikiliza kaka yangu. Mimi nilifikiri namfichia aibu tu." Aliifuta mikono kwa pindo la khanga. "Na Sabiti alipokufa, unajua nilimfikiria nani? Mumeo. Hata mimi. Siku niliyoondoka nilimshika mwanao kichwa nikamwombea, maana niliamini anayefuata ni yeye."

 Nje mtu alikuwa akiponda mawe kwa kinu cha chuma. Mwahija alimmiminia Salvina chai ya tangawizi kwenye kikombe cha bati, akakisogeza mbele yake. Salvina alikishika, na kabla hajakinyanyua vidole vyake vilisita. Ilikuwa ni kitambo kidogo, kama mtu anayengoja kipoe, lakini wote wawili walijua kwamba chai haikuwa ya moto kiasi hicho. Alikinywa chote. Mwahija aligeukia moto wake, akasema ana watu wa kuwapikia.

Alikataa kurudi. Alisema pale anapata riziki, wachimbaji wanamheshimu, na usiku analala. Khanga aliipokea. Alimtuma Salvina amwambie Zuleha kwamba hana kinyongo naye, kwa kuwa mtu aliyezika mtoto huamini lolote. Kuhusu Nassibu hakutuma salamu.

Salvina na Clemens walihama nyumba ile kabla ya mvua za vuli, wakapata vyumba viwili jirani, mtaa ule ule. Kupatana kwao wenyewe kulichukua muda. Clemens hakuwahi kumkumbusha yale maneno ya mlangoni, ila vifurushi vyake alikuwa akivifungua mbele yake kila alipotoka machimboni, kimoja baada ya kingine, bila kuombwa, na Salvina aliona haya kila mara.

Mwaka uliofuata Nassibu alikwenda Rwamgasa mwenyewe, akakaa huko siku mbili. Waliyozungumza hayakujulikana. Iddi ilipofika, Mwahija alishuka kwenye lori sokoni na mzigo wake kichwani, akaja kwa miguu mpaka Kalangalala. Watu walikuwa wamekaa mabarazani. Wengine waliitikia salamu yake. Mke wa balozi Bartholomeo aliitikia pia, kisha akawaita wajukuu zake waingie ndani, akasema jua ni kali. Balozi mwenyewe, ambaye alikuwa amechungulia kisima kwa macho yake, alikohoa akatazama upande mwingine.

Salvina alikuwa mlangoni kwake akichambua mchele. Aliliona lile lililotokea kwa balozi na akaona kwamba Mwahija ameliona. Aliweka ungo chini, akamwita Epifania amfuate, akaenda akaupokea mzigo kutoka kichwani kwa yule mama, wakatembea watatu katikati ya mtaa mpaka langoni kwa Nassibu.